KOCHA WA CHUO: KUFOKA SI KUFUNDISHA!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo, tuongee baskiti. Tena si ile ya NBA ambayo kila mtu anajifanya anaijua, bali ya vyuo vikuu vya Marekani, jikoni kabisa ambako mastaa wengi wanapikwa. Vijiweni kuna ubishi usioisha: kocha mzuri wa chuo ni yupi? Wapo wanaosema ni mwenye makombe mengi, basi, kwisha habari. Wengine wanasema ni yule mkali, anayefoka mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mimi nina langu, na leo nalisema.

Kwanza tuelewane. Kocha wa timu ya kulipwa anapewa watu wazima walioiva. Wa chuo anapewa kijana wa miaka 18, jana tu kaondoka kwa mama yake, na kwa kawaida anakaa naye miaka minne hivi. Humo humo anatakiwa ashinde mechi, amfundishe kijana kucheza na ahakikishe anatoka na shahada. Maana ukweli ni kwamba wengi hawafiki NBA ng'o! Timu za NBA ni 30 tu na kila mwaka vijana wanaochaguliwa hawazidi 60, wakati vyuo vyenye timu za wanaume za daraja la kwanza ni zaidi ya 350. Piga hesabu mwenyewe.

MZEE WA SOKSI

Tuanze na marehemu John Wooden wa UCLA. Huyu bwana alichukua ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya 1964 na 1975, saba kati ya hizo mfululizo. Sasa unadhani siku ya kwanza ya mazoezi aliwafundisha nini wachezaji wake? Kuvaa soksi! Usicheke. Soksi ikikunjamana inaleta lengelenge, lengelenge likitoka hukimbii, na usipokimbia unakaa benchi.

Msimu wa 1974/75 wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walihudhuria mazoezi yake wakirekodi kila alichowaambia vijana. Walihesabu vitendo 2,326 vya ufundishaji. Kumbe kama robo tatu yake vilikuwa maelekezo: shika hivi, simama pale, fanya tena. Sifa zilikuwa chache, na hotuba za kupandisha mzuka ndiyo kabisa. Mzee alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya umaarufu, na uwanjani alibaki mwalimu vile vile.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: Wooden alifika UCLA mwaka 1948, kombe la kwanza likaja 1964. Miaka 15 na ushei! Klabu zetu hizi zingekuwa zimeshamfukuza mara tano.

MAMA MWENYE MACHO MAKALI

Pat Summitt alikabidhiwa timu ya wasichana ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22 tu. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi, gari la timu aliendesha mwenyewe na jezi alifua mwenyewe. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa ameshinda mechi 1,098 na makombe manane. Alikuwa mkali, yaani akikutazama tu unatamani ardhi ipasuke. Lakini sikiliza hii: kila msichana aliyemaliza muda wake wote wa kuchezea Tennessee chini yake alipata shahada. Kila mmoja! Mimi namba hiyo naiweka juu ya makombe yake yote.

Kwa hiyo ukali peke yake si dhambi. Swali ni kwamba ndani ya ule ukali kuna nini? Chukua Bob Knight wa Indiana. Alichukua ubingwa mara tatu, na timu yake ya 1976 ilimaliza msimu bila kufungwa, mechi 32. Baskiti aliijua kinoma. Lakini mwaka 1985 alirusha kiti uwanjani mechi ikiendelea, na mwaka 2000 chuo kikamfukuza baada ya vituko kuzidi. Leo ukimtaja, watu wanakumbuka kiti kwanza, makombe baadaye.

Sasa mlinganishe na Dean Smith wa North Carolina. Huyu aliweka utaratibu kwamba ukifunga, unamnyooshea kidole aliyekupa pasi, ili uwanja mzima ujue nani kafanya kazi. Alipofariki mwaka 2015 ikagundulika kwamba wosia wake ulimwachia kila mchezaji wake wa zamani dola 200, akale chakula kizuri hotelini. Si hela ya kutajirika, lakini hebu fikiria: hakumsahau hata yule wa mwisho kwenye benchi.

NA WETU JE?

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam tunamfahamu. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa ameshakuwa kijana mkubwa, na mwaka 2006 akatua Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Calhoun naye si mpole hata kidogo. Lakini miaka mitatu ya kufundishwa kuzuia, kuruka kwa wakati na kuwahi ribaundi ilimtosha Hasheem kuwa mlinzi bora wa ligi yao, Big East, mwaka 2008 na 2009. Mwaka huo wa 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili Marekani nzima. Urefu kapewa na Mungu, ila kujua mikono iende wapi alifundishwa.

Sasa wewe kijana unayeota kwenda huko, usidanganywe na ukumbi mkubwa na viatu vya bure. Uliza mambo matatu. Moja, wangapi wanamaliza shahada? Pili, mchezaji akiumia goti, anafanywaje? Tatu, kocha anaongeaje na yule asiyecheza? Majibu ya hayo yatakueleza zaidi ya kabati la makombe.

Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, na anaruhusiwa kuingiza pesa kwa jina lake. Kocha anayetegemea vitisho sasa anaachiwa uwanja mtupu. Anayefundisha anabaki na watu.

Haya jamani, kwa leo ni hayo. Wabishi wa kijiweni, karibuni. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!