Kupindwa, kujipinda na kuingiliana: istilahi tatu za lenzi ya graviti

Katika tafsiri za masomo ya anga, kitenzi "pinda" hubebeshwa mizigo miwili. Mwanga wa nyota upitao karibu na Jua husemwa "unapinda". Sauti izungukayo kona ya nyumba nayo husemwa "inapinda". Mambo haya hayana sababu moja, na mwanafunzi akiyachanganya hataelewa kwa nini lenzi ya graviti hukusanya mwanga lakini hushindwa na baadhi ya mawimbi mengine. Viambishi vya Kiswahili vinatosha kuyatenganisha.

Kupindwa (kauli ya kutendwa, -w-). Mwanga hupindwa na kitu chenye tungamo kubwa. Tarehe 29 Mei 1919, Jua lilipopatwa, wanaastronomia wa Uingereza walipima jambo hilo katika kisiwa cha Principe na mji wa Sobral, Brazili. Nadharia ya Einstein ilitabiri sekunde 1.75 za tao kwa mwanga ugusao ukingo wa Jua, na vipimo vikaiunga mkono. Galaksi nzima huweza kuupinda mwanga hata chanzo kimoja kikaonekana mara mbili. Mfano wa kwanza, kwasa Q0957+561, ulitambuliwa mwaka 1979. Hiyo ndiyo lenzi ya graviti.

Kujipinda (kirejeshi -ji-). Ukisimama nyuma ya kona ya ghala la mkonge huko Korogwe, utasikia mazungumzo ya watu usiowaona. Sauti imejipinda ukingoni, hakuna kilichoivuta. Jina la kitaalamu ni difraksheni. Wimbi hujipinda zaidi kadiri urefu wake unavyokaribia au kuzidi ukubwa wa kizuizi. Mawimbi ya sauti ya mtu hufikia urefu wa mita moja na zaidi. Ya mwanga hayafiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndiyo maana mtu husikika kabla hajaonekana.

Kuingiliana (kauli ya kutendana, -an-). Tupa mawe mawili kwa pamoja katika lambo la kunyweshea mifugo kule Handeni, maji yakiwa yametulia. Kilele cha wimbi kikikutana na kilele, maji huinuka zaidi. Kilele kikikutana na bonde, maji husawazika. Kisha kila wimbi huendelea na safari yake. Tendo ni la pande mbili, kwa hiyo "uingiliaji" haufai: neno hilo hudokeza mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu. Kwa kuwa "mwingiliano" hutumika pia kwa mahusiano ya watu, andika kwa ukamilifu "mwingiliano wa mawimbi".

Yote matatu kwa pamoja. Mawimbi ya graviti yalinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo ya LIGO nchini Marekani. Wimbi la aina hiyo lenye mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 3,000. Likipita karibu na shimo jeusi lenye tungamo la Jua moja, ambalo nusukipenyo chake ni kilomita 3 tu, wimbi hujipinda na kupita karibu kana kwamba hakuna kitu. Likikutana na galaksi, hupindwa kama mwanga, na nakala zake hufika kwa nyakati tofauti. Kati ya hali hizo mbili, kwa mfano lenzi ikiwa na tungamo la Jua mara mia kadhaa, nakala hufika zikiwa zimepandana na kuingiliana: mitetemo mingine huimarika, mingine hufifia. Kwa kusoma mpangilio huo, mtaalamu angeweza kukadiria tungamo la lenzi asiyoiona.

Mifano ya matumizi

- Mwanga wa kwasa umepindwa na galaksi iliyo njiani. (Si: umejipinda.)
- Wimbi refu lilijipinda kwenye lenzi ndogo. (Si: lilipindwa.)
- Nakala mbili za wimbi ziliingiliana. (Si: ziliingilia.)

Kabla ya kuandika "pinda", mtafsiri ajiulize: ni nani atendaye?