MAELEZO KUHUSU TIBA YA MIONZI KWA SARATANI ILIYOFIKA KATIKA UTI WA MGONGO

Wananchi wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini, hasa wale wenye jamaa anayeugua saratani.

Saratani za matiti, tezi dume na mapafu ni miongoni mwa zile zinazosambaa mara nyingi hadi katika pingili za mgongo. Pingili iliyoshambuliwa hudhoofika, na uvimbe huweza kuubana ugwe wa fahamu upitao ndani yake. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni maumivu ya mgongo yasiyotulia, yanayozidi usiku mgonjwa alalapo. Yakifuatiwa na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kupata haja ndogo, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi huanzishiwa deksamethasoni ili kupunguza uvimbe kabla ya kupelekwa kwenye mionzi. Anayeanza tiba akiwa bado anatembea aghalabu huendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza ni nadra kusimama tena.

Ieleweke kwamba mionzi katika hali hii haiondoi saratani mwilini. Hutolewa ili kupunguza maumivu na kuuokoa ugwe. Usemi wa "kuchomwa mionzi" umewatisha wengi bila sababu, kwani mgonjwa hulala mezani dakika chache tu wala hasikii moto. Nafuu huanza baada ya wiki moja au mbili, na kwa wengine huchelewa mwezi mmoja au zaidi. Siku za mwanzo maumivu huweza hata kuongezeka kwa muda.

Jambo lisilojulikana vya kutosha ni muda wa tiba yenyewe. Palipo na maumivu tu, utafiti umeonyesha kuwa dozi moja ya grei 8, itolewayo kwa siku moja, hutuliza sawa na dozi 5 au 10, ingawa wanaopata moja huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi. Kwa mtu wa mbali tofauti hiyo ni kubwa. Mkaazi wa Pemba huvuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996. Mkaazi wa Mbesa, mkoani Ruvuma, ijapokuwa ana hospitali ya misheni karibu naye, husafiri mamia ya kilomita kuifuata mionzi hiyo hiyo. Hofu ya kukaa ugenini wiki kadhaa huwafanya watu wabaki nyumbani na maumivu yao. Inafaa jamaa waulize mapema iwapo dozi moja itatosha. Uamuzi ni wa daktari.

Aidha, kifua kikuu cha mgongo huleta dalili zinazofanana na hizi, nacho hutibika kwa vidonge. Kwa hiyo picha na kipimo cha nyama visikwepwe.

Safarini mgonjwa alazwe chali juu ya kitu kigumu, wala asipakiwe kwenye pikipiki. Achukue barua ya rufaa, picha zote na majibu ya maabara. Dawa za maumivu, mofini ya maji ikiwemo, ziendelee njiani na baada ya mionzi hadi daktari atakapozipunguza.