Kiambishi Kisicho na Mtajwa: Kuandika Maelezo Yatakayonukuliwa na Akili Unde

Mwanafunzi wa Bunda akiiuliza zana ya utafutaji inayotumia akili unde, "Azimio la Musoma lilihusu nini?", zana nyingi za aina hiyo hazisomi ukurasa mzima kama tusomavyo sisi. Huukata ukurasa vipande, huteua vipande vilivyo karibu zaidi kimaana na swali, kisha hutunga jibu na kutaja tovuti vilikotoka. Kwa hiyo kinachonukuliwa ni kipande, si makala. Kipande kisichojitegemea huachwa au hueleweka visivyo.

Hapo sarufi ya Kiswahili hudai uangalifu wa pekee, kwa kuwa kiambishi cha upatanisho hutosha kusimama mahali pa nomino. Linganisha:

(a) Lilipitishwa mwaka huo, likataka watoto wote wasome.

(b) Azimio la Musoma lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini Musoma mwezi Novemba 1974, likataka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977.

Sentensi zote mbili ni sanifu. Hata hivyo, *li-* ya sentensi (a) yaweza kurejelea azimio, pendekezo, au nomino nyingine yoyote ya ngeli ya LI-YA. Aliyeanza kusoma mwanzo wa makala anaijua. Kipande kilichokatwa kimeipoteza. Sentensi (b) hubeba mtajwa, mahali na wakati wake.

Majina ya mahali nayo yana mtego. *Mara* ni mkoa, ni mto utokao Kenya na kuingia Ziwa Viktoria, na ni nomino ya kawaida, kama katika "mara mbili". Herufi kubwa peke yake haitofautishi mkoa na mto. Andika "Mkoa wa Mara" au "Mto Mara". Vivyo hivyo, Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Musoma Vijijini kabla ya kuwa wilaya mwaka 2012. Maelezo yasemayo "wilaya hii kwa sasa" bila kutaja mwaka hupitwa na wakati kimyakimya.

Kwa matumizi:

1. Anza kila aya kwa nomino kamili. Viambishi viendelee baadaye ndani ya aya hiyohiyo. Kurudia nomino katika kila sentensi huchosha.
2. Weka jibu kwanza, ufafanuzi baadaye.
3. Badala ya "mwaka huo", "hapo" na "hivi karibuni", taja mwaka na mahali.
4. Fanya kichwa kidogo kuwa swali ambalo watu huliuliza kwa Kiswahili.

Hakuna mbinu inayohakikisha kunukuliwa. Lakini maelezo ya Kiswahili yasipojitegemea, mwanafunzi wa Bunda aweza kuelezwa habari za Butiama, wilaya jirani, kwa tafsiri ya maandishi ya Kiingereza, ilhali walioziandika kwa Kiswahili wapo.