Horla: Kisa cha Mtu Aliyejifungia na Asiyeonekana

Asubuhi ya tarehe 8 Mei, bwana mmoja wa Kifaransa, mwenye nyumba ya urithi ukingoni mwa mto Seine karibu na mji wa Rouen, alikuwa amejilaza nyasini akitazama vyombo vikipita, na baina ya vyombo hivyo ikapita merikebu ya milingoti mitatu kutoka Brazili, nyeupe pe, safi, inayometameta, naye kwa furaha tu ya kuiona, pasipo kujua kwa nini, akaipungia mkono kuiamkia. Siku chache baadaye akashikwa na homa, na baada ya homa usingizi ukamharibikia: kila usiku alihisi mtu amemjia kitandani, amempigia magoti kifuani, anamkaba roho, naye hawezi kujipindua wala kupiga ukelele. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa hali hii, kwani neno jinamizi tunalo tangu enzi za mababu.

Ndivyo kinavyoanza kisa cha Horla, alichokitunga Guy de Maupassant, mzaliwa wa Normandy mwaka 1850. Alikiandika mara mbili: kwanza kwa ufupi, kikatoka gazetini mwaka 1886, kisha kwa urefu na kwa sura ya shajara, kikatoka kitabuni mwaka 1887. Lovecraft wa Marekani, ambaye baadaye alivuma kuliko wote kwa hadithi za viumbe wasio wa ulimwengu wetu, alikisifu mno.

Uzuri wa kisa uko katika mwendo wake wa polepole. Bwana huyu, mtu wa elimu, hakimbilii kuamini mambo ya ghaibu. Anapoona gudulia la maji lililokuwa limejaa jioni limekauka usiku uo huo, kwanza ajishuku nafsi yake kuwa huenda anaamka usingizini na kuyanywa. Basi azifunga chupa kwa melimeli nyeupe, ajipaka unga wa risasi ya kalamu midomoni, ndevuni na mikononi, kisha alala. Anapozinduka, vitambaa havina doa hata moja, na maji na maziwa yamekwisha. Asafiri hadi Paris, akili yamrudia, ajicheka. Arejea nyumbani, na mchana kweupe, mbele ya macho yake, waridi lajikunja, shina lakatika, na ua lakaa angani pasipo mkono unaolishika. Usiku mwingine, taa zote zikiwaka, ageuka kwa ghafula kuelekea kioo kikubwa cha kabati, na kioo kimejaa nuru lakini yeye mwenyewe hamo: kitu kilichosimama baina yake na kioo kimeimeza sura yake.

Na kukimbia hawezi. Siku moja apata upenyo wa saa mbili hivi, kama mahabusu aliyekuta mlango wa gereza umesahauliwa wazi, awahi Rouen kwa gari la farasi; anapotaka kumwamuru saisi ampeleke stesheni ya treni, kinywa chake chatamka kwa sauti kuu: nyumbani! Hapo apata hakika kuwa nafsi yake ina mwenyewe mwingine. Baadaye asoma katika jarida la sayansi khabari za maradhi ya wazimu yaliyoingia Brazili, ambako watu wanahama majumba yao wakisema wanaandamwa na viumbe wasioonekana, ndipo aikumbukapo merikebu ile nyeupe, na salamu yake.

Aghalabu wasomaji hubishana kama mtu huyu alikuwa mwenda wazimu au la, na wapo wanaoyatia ubishini maradhi ya mwandishi mwenyewe, kwa kuwa Maupassant alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Passy, mwaka 1893, kabla hajatimiza miaka 43. Ubishi huo haunishughulishi sana. Mimi, kila nikisoma kisa hiki, fikra zangu huenda kwa saisi.

Jina lake Jean. Mapema mwezi wa Julai, bwana alipomwona amesawijika akamwuliza ana nini, alijibiwa kuwa siku hizi usiku wake unaula mchana wake, na kwamba hali hiyo imemganda mithili ya uchawi. Basi maradhi ni yale yale, na nyumba ni moja! Bwana ayaandika maneno hayo shajarani, kisha ayapita. Hamwambii Jean kuwa naye yamemsibu. Hata watumishi wanapogombana juu ya bilauri zinazovunjika kabatini usiku, kila mmoja akimtuhumu mwenziwe, yeye anyamaza.

Katika toleo la kwanza mambo hayakuwa hivyo. Humo mgonjwa asimulia kwa kinywa chake, mbele ya mabingwa waliokusanywa na daktari Marrande ili wamsikilize. Majirani nao wamepatwa na yayo hayo. Na moto, ambao nitausimulia punde, humo haumo. Toleo la pili limewaondoa wasikilizaji wote, likaweka daftari lisilouliza wala kujibu, na hapo ndipo moto ulipoongezwa. Huku kwetu nako, mwaka 1995, khofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwajia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walitoka nje wakalala kwa makundi, na ilisemwa kuwa aliyejiwa naye sharti awatangazie wenziwe, akificha atarudiwa. Popobawa awe alikuwako au hakuwako, tiba hiyo ilikuwa na hekima ambayo bwana wa Rouen, pamoja na elimu yake yote, hakuwa nayo.

Alichofanya yeye ni kumwita fundi amtilie chumbani madirisha na mlango wa chuma. Usiku mmoja wa Septemba, alipohisi kuwa mgeni wake yumo, alifunga madirisha, akatoka kinyumenyume, akamfungia; akashuka sebuleni, akamwaga mafuta ya taa mbili juu ya zulia na samani, akatia moto; kisha akatoka nje na kuufunga mlango mkubwa wa nyumba kwa kuzungusha ufunguo mara mbili, akajificha bustanini nyuma ya vichaka kungoja. Moto ulipopanda ndipo alipousikia ukelele wa mwanamke, akaona madirisha mawili ya darini yamefunguka, na nyuso, na mikono inayopunga. Watumishi alikuwa amewasahau.

Alikimbia kijijini kuomba msaada, lakini paa liliporomoka. Mistari ya mwisho ya shajara, iliyoandikwa hotelini Rouen, yauliza kama Horla, yaani mgeni huyo asiyeonekana, amekufa kweli, na kwa kuwa jibu ni hapana, bwana aona hana budi kujiua. Idadi ya watu waliokuwa darini haikutajwa, wala hatuambiwi kama Jean alikuwa mmoja wao.