Je, Wajua? Kiboko Hajui Kuogelea, Wewe Unaweza!

Je, wajua kwamba kiboko hawezi kuogelea? Ndiyo, huyo huyo anayeshinda ziwani mchana kutwa! Mwili wake ni mzito mno kuelea, kwa hiyo hutembea na hata kukimbia chini kabisa, kwenye sakafu ya ziwa, na kila baada ya dakika tatu hadi tano huibua pua kuvuta hewa. Wewe unayejifunza, siku utakayolala juu ya maji bila kushikwa mkono, utakuwa umemzidi kiboko.

Na samaki anayeweza kufa maji, umewahi kumsikia? Ni kamongo, huyu huyu wa Ziwa Victoria. Ana mapafu, na akishakuwa mkubwa lazima apande juu kuvuta hewa, akizuiwa, anakufa. Samaki mzima, amezaliwa majini, lakini asipopata pumzi basi tena!

Shika hapo kwenye pumzi, ndugu msomaji, maana ndipo karibu kila anayeanza hukwama. Muulize mtu aliyeishia katikati ya bwawa kilichomsimamisha, atakwambia mikono imechoka. Mikono haijachoka! Mtazame vizuri: amefunga mdomo, mashavu yamevimba, pumzi ameizuia tangu alipoachia ukingo. Kinachomfanya atapetape mara nyingi si upungufu wa oksijeni, bali ni kabonidayoksaidi iliyojazana mwilini kwa sababu hakuitoa.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Simama kwenye maji ya kifuani, shika ukingo, vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso, kisha toa mapovu kwa pua polepole mpaka yaishe. Sasa geuza uso pembeni (usiuinue, ugeuze tu, sikio moja libaki majini), vuta hewa, rudi chini. Rudia mara 20 bila haraka. Ukiweza hilo bila kuhema, umepata nusu ya stamina unayoitafuta, na bado hujapiga hata mkono mmoja!

Kwa nini sikio libaki majini? Sikia hii: kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Ukikiinua juu ya maji, nyonga na miguu vinashuka, na kuanzia hapo unaburuta mwili mzima ukiwa umesimama wima. Laza kichwa, miguu inapanda yenyewe.

Umesimama kwenye maji ya shingoni ukahisi kifua kimebanwa? Si woga wako tu. Maji yanakibana kifua kweli, na kazi ya kupumua huongezeka kwa asilimia 60 hivi kuliko nchi kavu. Misuli ya kupumua nayo ni misuli, inazoea na kupata nguvu. Ipe wiki chache.

Je, wajua maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi? Ndiyo maana mkimbiaji hodari wa mita 10,000 anaweza kuingia bwawani akaishiwa baada ya mita 50. Na kubwa zaidi ni hili: ukiongeza kasi mara mbili majini, nguvu unayotumia hupanda karibu mara nane. Mara nane! Sasa ligeuze: punguza kasi kidogo tu, uone utakavyofika mbali. Anayeanza hukata pumzi kwa sababu ya haraka.

Miguu nayo ina siri yake. Kwenye mtindo huru mikono ndiyo inayokusogeza kwa sehemu kubwa, lakini mapaja, yenye misuli mikubwa, hula oksijeni nyingi. Piga miguu kwa upole, kiasi cha kuishikilia juu tu. Hayo maji unayoyarusha nyuma ni nguvu yako inamwagika.

Haya, twende ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake yangejaza mabwawa ya Olimpiki karibu bilioni moja. Bilioni! Na maji yake ya juu huwa na nyuzi joto kama 25 karibu mwaka mzima, wakati kanuni za mashindano zinataka bwawa liwe kati ya 25 na 28. Mwanza imepewa bure joto ambalo wenzetu wa Ulaya hulilipia umeme.

Lakini maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayabebi sana. Mtu wa kilo 70 akitoka Mwanza kwenda kuogelea Bahari ya Hindi, bahari humsukuma juu kwa nguvu ya ziada ya karibu kilo moja na nusu. Kwa hiyo ukijifunza kuelea huku, ukifika Dar es Salaam utashangaa ulivyo mwepesi.

Je, wajua bondo la sangara lina kazi gani kwa sangara mwenyewe? Pale Mwaloni Kirumba kila mtu anajua kwamba kilo ya bondo kavu ina bei kubwa kuliko kilo ya minofu, lakini ndani ya samaki huo ni mfuko wa hewa wa kumfanya aelee. Wewe huna bondo, una mapafu. Yajaze hewa, lala chali, tulia: watu wengi huelea papo hapo.

Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana lina nguvu ya kubeba karibu kilo 20 majini. Mtu mzima anahitaji msaada wa kilo 3 hadi 5 tu ili kichwa kibaki juu. Piga hesabu mwenyewe! Hata hivyo dumu huponyoka mkononi, jaketi okozi haliponyoki. Ukipanda mtumbwi, vaa jaketi.

Sasa kaa vizuri, nikupe ninayempenda kuliko wote. Mwaka 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, alitokea kijana wa Guinea ya Ikweta, Eric Moussambani. Alikuwa na miezi kama minane tu ya mazoezi, kwenye bwawa dogo la hoteli, na bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona mpaka alipofika Australia. Wenzake wawili wakaondolewa kwa kuruka kabla ya wakati. Akabaki peke yake, uwanja mzima unamtazama yeye! Mita 50 za kwanza alienda vizuri, za kurudi mwili ukagoma, akawa kama amesimama. Watu wakainuka kumshangilia, naye akagusa ukuta kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake.

Na Michael Phelps, mwenye medali 28 za Olimpiki, 23 za dhahabu? Alipoanza akiwa mtoto aliogopa kuzamisha uso, wakamwanzisha chali. Basi nawe ukiogopa, lala chali.

Ukilikata bwawa la mita 25 mara 40, umeogelea kilomita nzima. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3, sawa na mara 120. Na wale wa Olimpiki wa maji ya wazi huogelea kilomita 10, madaraja matatu na zaidi, bila kugusa chini! Huko Paris mwaka 2024, Kristóf Rasovszky wa Hungaria alizimaliza kwa chini ya saa mbili.

Jambo moja usilipuuze: vijidudu vya kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Konokono wanaovibeba hukaa kwenye maji ya pembeni yaliyotulia, yenye majani, na huvimwaga zaidi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri. Bwawa lililotiwa klorini halina shida hiyo, basi anzia huko. Kama uliwahi kuoga ziwani, nenda ukapime, dawa ipo.

Zanzibar, kijijini Nungwi, Panje Project imekuwa ikifundisha wasichana kuogelea na kuokoa wenzao, wakiwa na mavazi yao ya kujisitiri mwili mzima. Hapa Mwanza shirika la EMEDO linafanya kazi na jamii za wavuvi kuzuia vifo vya kuzama. Dunia ilipoteza watu wapatao 300,000 kwa kuzama mwaka 2021, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo.

Kwa hiyo Jumamosi hii tafuta bwawa lenye mwangalizi, mchukue na mwanao. Kata mita 25 mara nne tu, polepole, ukipumzika nusu dakika kila mara. Pumzi ikitulia, wiki ijayo ongeza moja.