Kijana wako amekosa usingizi ghafla? Usilaumu kelele pekee

Dar es Salaam. Katika nyumba nyingi za kupanga, saa 3 usiku bado ni mapema. Taarifa ya habari ikiisha inakuja tamthilia, mpangaji wa chumba cha mbele anarudi kazini na kuanza kupika, mtoto mchanga wa jirani analia, bodaboda zinapita chini ya dirisha na baa ya mtaa wa pili haijazima muziki. Watoto waliokulia humo hulala hivyo hivyo.

Ndiyo maana mzazi hushtuka kijana wake wa miaka 14 au 16, aliyekuwa akilala hata taa ikiwaka, anapoanza ghafla kukesha. Anajigeuza hadi saa 8 usiku, asubuhi haamshiki, darasani anasinzia na nyumbani amekuwa mkali kwa wadogo zake.

Wazazi wengi hapo humwita mvivu, au humnyang’anya simu wakaona kazi imeisha, au humpa kidonge cha mafua ili alale. Kwa kufanya hivyo wanaruka swali la msingi: kama kelele zilikuwapo mwaka jana na kijana alikuwa akilala, ni nini kilichobadilika?

Umri una sehemu yake

Mtoto anapobalehe, saa ya mwili wake huchelewa. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kuongezeka usiku zaidi kuliko ilivyokuwa utotoni. Kijana anayesema saa 3 usiku kwamba hana usingizi mara nyingi anasema kweli.

Hata hivyo, mahitaji yake bado ni makubwa. American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani, kinashauri mtu wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala anatakiwa awe amelala saa 3 usiku ili apate hizo 8.

Lakini mabadiliko ya umri huja taratibu. Usingizi unaopotea ndani ya wiki moja kwa kawaida una sababu nyingine juu ya hiyo.

Kwa nini kelele za zamani zinaanza kusumbua

Mtu akilala, ubongo hauachi kusikia. Sauti iliyozoeleka na isiyobadilika huiacha ipite. Inayomwamsha ni sauti ya kushtukiza au yenye maana kwake: jina lake likiitwa, mlango ukibamizwa, wazazi wakigombana.

Kijana mwenye hofu au wasiwasi hubaki kama mlinzi wa getini, kila sauti anaikagua. Kelele ni zile zile, ila yeye sasa anazisikiliza.

Baada ya siku kadhaa hujiunga hofu ya pili, ya kukosa usingizi kwenyewe. Anatazama saa, anahesabu muda uliobaki kabla ya kuamka, na kadiri anavyojilazimisha ndivyo anavyokuwa macho. Ndiyo maana tatizo linaweza kuendelea hata kama kilichoanzisha kimekwisha.

Ilianza lini?

Mazungumzo hayo yasifanyike usiku wa manane wala mbele ya wadogo zake. Wakati mzuri ni mnapofua, mnapochambua mchele au mnapokwenda dukani. “Mwanangu, naona siku hizi hulali vizuri. Ilianza lini?” ni swali linalojibika kuliko “Wewe una nini?”

Jibu linaweza kuwa mtihani wa kidato cha nne unaokaribia, ada iliyochelewa, kuonewa shuleni, msiba, penzi lililovunjika, au picha iliyosambazwa kwenye simu za wenzake. Linaweza pia kuwa jambo jepesi, kama joto, chandarua kilichotoboka au kubadilishiwa kitanda.

Katika nyumba zenye watu wengi kuna jambo jingine ambalo mzazi hapaswi kuliogopa. Kama usingizi ulipotea baada ya mgeni au ndugu kuhamishiwa chumbani kwake, au kama kijana anaogopa kulala mtu fulani akiwapo, aulizwe kwa upole, aaminiwe, na ahamishwe chumba usiku huo huo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure na hutoa ushauri kwa mtoto na mzazi. Asiyeweza kumwambia mama au baba anaweza kumwambia shangazi au bibi. Mwacheni amchague mwenyewe.

Kinachowezekana ndani ya nyumba iliyojaa

Kimya kamili hakipatikani, na hakihitajiki. Familia inaweza kuanza na mapatano haya:

Chakula cha usiku kiliwe mapema, na kijana asiachiwe vyombo vya kuosha saa 4 usiku.

Kuanzia saa 3 usiku sauti ya televisheni ipunguzwe, simu zipokelewe nje, na anayetaka kitu amfuate mwenzake badala ya kumwita kwa sauti.

Kitanda kiondolewe kwenye ukuta wa sebuleni. Pazia zito mlangoni na taulo chini ya mlango hupunguza sauti kidogo. Mvumo wa feni husaidia kufunika kelele za kukatika-katika. Vizibo vya masikio vya sponji hufanya kazi kuliko pamba.

Simu zilale nje ya chumba, za wazazi pia. Agizo ambalo baba halifuati halidumu.

Chai ya rangi, kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana. Nusu ya kafeini aliyokunywa inaweza kuwa bado mwilini baada ya muda wa saa 5 hivi.

Aamke saa ile ile kila siku, na Jumapili asipitilize sana. Akilala mchana, isizidi dakika 30, na iwe kabla ya saa 9 alasiri.

Akikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ainuke, akae kwenye mkeka penye mwanga hafifu, afanye jambo lisilosisimua, kisha arudi usingizi ukija. Asitazame saa. Mzazi akimkuta amekaa hivyo asimkemee.

Kwa kelele za nje, majirani waanze kwa kuzungumza na mhusika, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, na malalamiko hupokelewa na NEMC.

Dawa na daktari

Piriton na dawa nyingine za mafua zinazoleta usingizi si tiba ya kukosa usingizi. Ulevi wake unaweza kuendelea hadi darasani, na chanzo hubaki pale pale. Vidonge vya usingizi kama diazepam visitolewe bila daktari. Upande wa pili, baadhi ya dawa, kama salbutamol ya pumu au prednisolone, zinaweza kumkosesha mtu usingizi. Kijana asiziache mwenyewe. Mzazi amweleze daktari.

Apelekwe kituo cha afya bila kusubiri akianza kusema maisha hayana maana au kutaka kujidhuru, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akilala kidogo sana huku akiwa na nguvu nyingi na maneno mengi kuliko kawaida yake. Anayekoroma na kukatika pumzi, anayepungua uzito, au ambaye miguu inamsumbua usiku hadi hawezi kuituliza, naye apimwe. Tatizo la miguu wakati mwingine hutokana na upungufu wa madini ya chuma.

Kwa wengine, mapatano ya nyumbani yapewe wiki 2 hadi 3. Katika muda huo kijana aandike kila asubuhi kwenye daftari saa aliyopanda kitandani, saa aliyoamka, alichokunywa jioni na kilichokuwa kikimzunguka kichwani. Kama hali haijabadilika, waende hospitali na daftari hilo. Litampa daktari pa kuanzia.