Istilahi za Mnyororo wa Nanga: Unene, Daraja na Mzigo

Mabaharia wa pwani wana neno la kale la kutaja kamba au mnyororo ushikao nanga, yaani amari. Neno hilo latosha kukitaja kitu, lakini halimtoshi mtu atakaye kununua amari ya chuma iliyo imara zaidi kwa yoti yake ya safari ndefu. Aghalabu huomba "mnyororo wenye nguvu zaidi", naye muuzaji humpa ulio mnene zaidi. Kumbe nguvu si unene peke yake. Hapa pana mambo matatu, na kila moja lastahili istilahi yake.

La kwanza ni unene, nao ni kipenyo, kwa milimita, cha chuma kilichofanyiziwa pete za mnyororo.

La pili ni daraja, yaani ubora wa chuma chenyewe. Madaraja yanayotumika sana katika yoti ni la 30, la 40 na la 70. Tarakimu hiyo ikizidishwa kwa 10 huonyesha nyutoni ambazo kila milimita mraba ya chuma huhimili kabla ya pete kukatika.

La tatu ni mzigo, nao ni wa namna mbili. Mzigo wa kukatika ni ule uukatao mnyororo. Mzigo wa kazi ni ule uruhusiwao katika matumizi, na mara nyingi huwa robo ya ule wa kwanza. Alinganishaye mzigo wa kazi wa mnyororo mmoja na mzigo wa kukatika wa mwingine hudanganyika.

Tuchukue mfano. Kwa hesabu, mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 30 hukatika kwa tani 4.8, wa unene huo huo wa daraja la 40, kwa tani 6.4. Lakini wa milimita 8 tu, wa daraja la 70, hufikia tani 7.2. Tena mita 60 za mnyororo wa milimita 10 zina uzito wa kilo 130 hivi. Za milimita 8, kilo 85 hivi. Hivyo mwenye chombo aweza kuongeza nguvu na papo hapo kulipunguzia omo uzito, akautumia uzito huo kwa nanga iliyo kubwa zaidi.

Faida hiyo ina masharti. Mnyororo mwembamba haukai sawasawa katika duara, yaani mtambo wa kupandishia nanga, ikiwa meno yake yalichongwa kwa mnyororo mnene. Pingu iunganishayo mnyororo na nanga nayo sharti ihimili mzigo ule ule, ama sivyo itakatika kwanza.

Basi yafaa agizo liandikwe kwa ukamilifu: amari ya mita 60, unene milimita 8, daraja la 70, mzigo wa kukatika tani 7.2. Usiku wa dhoruba, waliolala chomboni huutegemea usahihi wa maneno hayo.